Malalamiko Kuhusu Kichwa cha Treni Namba 27 Kutofanana na Changu

Mheshimiwa Meneja Mkuu wa Reli,

Baada ya salamu na heshima zinazostahili cheo chako, naomba kukufahamisha kwamba kichwa chenu cha treni namba 27 kina kasoro, na kasoro hizo zimenivunjia heshima ukweni.

Mimi ni mwalimu mkuu mstaafu. Kaka wa mke wangu ni dereva wenu. Ameendesha namba 27 tangu akiwa na nywele, na mwezi huu mnamstaafisha. Mke wangu aliniomba nimtengenezee zawadi. Nikaagiza seti ya vipande vya metali nyeupe, ile laini, vya kuunganisha kichwa kama hicho, kidogo cha kukaa kiganjani. Nikaiteka meza ya kulia. Nilikwangua kila kipande kwa tupa, nikalehemu, nikapaka rangi kwa brashi nyembamba kama unyasi. Familia ilikula sahani zikiwa mapajani, na binti yangu aliposwa hapo hapo, wageni wakiwa wamekatazwa kupumua kwa nguvu kuelekea rangi mbichi.

Jumapili tukampelekea shemeji zawadi yake. Akaigeuza, akaitazama juu na chini, akasema, "Kizuri sana, shemeji. Kichwa cha nani hiki?" Mama mkwe alicheka mpaka kilemba kikamdondoka.

Nilikifunga tena kwenye kitambaa nikarudi nacho nyumbani. Tangu hapo mke wangu ananisemesha kupitia binti. Kesho yake nilikwenda stesheni na rula, nikakuta haya:

1. Changu kina taa mbili mbele. Chenu kina moja, na penye ya pili pamezibwa kwa kifuniko cha kopo la rangi.

2. Kibanda cha dereva kwenye changu kimesimama wima. Chenu kimeinamia kushoto, kama mtu anayesikiliza umbeya wa jirani. Fundi wenu aliniambia kimekuwa hivyo tangu kigonge ukuta wa karakana, na kwamba dereva ameshazoea, na yeye huegemea kulia.

3. Ngazi ya kupandia upande wa kulia haipo. Shemeji hupanda kwa kushika bomba na kumtaja Mungu.

4. Changu hakijawahi kuchelewa. Ni kweli hakijawahi kuondoka mezani, lakini hata chenu siku ile hakikuondoka, na mezani kwangu hakuna kipaza sauti cha kuwaomba watu radhi kwa usumbufu.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, naomba kichwa chenu kirekebishwe kifanane na changu kabla ya sherehe ya kumuaga shemeji. Niko tayari kuwaazima changu kiwe kielelezo. Ikishindikana, basi changu kipewe kazi: hakinywi mafuta, na kwa mwendo wa treni zenu abiria hawatagundua. Na kama hilo nalo ni gumu, nipewe mimi kiti chako, kwani nimeonyesha kwamba kichwa kizima cha treni kinaweza kutunzwa na mtu mmoja mwenye tupa, bila kuhudhuria semina hata moja.

Nisalimie fundi wa karakana, karani wa tiketi aliyenifungia dirisha usoni, na wale abiria niliowaacha kwenye benchi, ikiwa bado wapo.

Ni mimi, ninayedai haki ya vipimo,

Mwalimu Mkuu Mstaafu

Nyongeza: Tafadhali msiguse chochote. Nilipokuwa natafuta bahasha, mke wangu alitua sufuria ya moto mezani, kando kabisa ya kichwa changu. Lehemu ya metali hii haivumilii joto. Taa moja imedondoka, ngazi imebanduka, kibanda kimelalia kushoto. Shemeji, aliyekuja kusuluhisha, akaingia kabla sijakificha. Alikishika, akapitisha kidole pale ilipokuwa ngazi. "Sasa ndicho chenyewe," akasema. Ameondoka nacho ndani ya koti, amekikumbatia kama mtoto mchanga. Barua naituma hivyo hivyo, kwa sababu stempu nimeshabandika.