Udongo wa Ghorofa ya Tatu

Jumamosi, 10 Mei 2025

Leo mwaka mmoja tangu nipewe ufunguo. Mimi, Nday, mwenye nyumba Brussels! Ghorofa ya tatu, Auderghem. Ukiinama vizuri nje ya dirisha la choo, msitu unauona.

Nimekaa kwenye kiti changu, ndani ya kuta zangu, nikatafakari mwaka ulivyokwenda. Nimejifunza kwamba anayenunua fleti hununua kuta za ndani tu, halafu anaingia ubia wa paa, ngazi na lifti na watu asiowapenda. Nimejifunza pia kwamba mfuko mweupe wa takataka si mfuko wa bluu. Somo hilo nimepewa na Madame Fernande wa fleti ya chini, bibi wa Kibelgiji, mstaafu, ambaye hubandika vikaratasi kwenye lifti. Vikaratasi havitaji jina la mtu. Lakini kikisema kuhusu harufu ya samaki, jengo zima nani mwingine anakaanga thomson?

Nimejilinda kwa akili. Kila nikikutana naye namwambia bonjour, kisha namwongezea jina kwa Kiswahili huku nikitabasamu. Polisi wa Mifuko. Pipa la Mvua. Mama Kikaratasi. Naye hutabasamu. Maskini, haambulii kitu.

Jioni furaha ikaingia doa. Baba mkwe wangu, Papa Mukendi, amefika kutoka Lubumbashi. Yuko Forest, mtaa mwingine wa Brussels, kwa mwanawe Kazadi, kaka wa mke wangu. Mke wangu Sidonie alimpigia simu kumwalika aje ale na kulala kwetu kabla ya kurudi tarehe ishirini na tano. Mzee akaomba kusema na mimi. Akauliza: "Udongo iko wapi?" Nikamwambia ni ghorofa ya tatu. Akasema, kwa adabu kabisa, kwamba kwa mkwe hatalala mpaka mkwe awe na parcelle, kiwanja cha kukanyaga, kama watu wote wenye nyumba kwetu. Nikamkumbusha kwamba Kazadi anapanga, hata ukuta mmoja si wake. Akajibu kuwa Kazadi ni mtoto wake, kwake angelala hata kwenye hema. Kwa mkwe ni mambo mengine.

Sidonie ameingia bafuni akafungulia maji ya bomba, nisimsikie analia. Tangu tuoane hajawahi kumlaza baba yake nyumbani kwake. Nimeapa mbele ya friji: Papa Mukendi atalala hapa kabla hajapanda ndege.

Jumatatu, 12 Mei

Ushindi! Nimetoa hati ya nyumba kabatini na kuisoma kwa mara ya kwanza. Siku ya kusaini, mthibitishaji wa hati aliisoma kwa kasi ya mtu anayewahi treni, mimi nikawa natikisa kichwa tu. Kumbe ukurasa wa tano unasema wazi: pamoja na fleti, namiliki sehemu themanini na tano kati ya elfu za ardhi yote ya jengo. Ardhi! Mwaka mzima nimekuwa mwenye kiwanja bila kujua.

Nikampigia Papa hapohapo. Akataka kujua udongo wenyewe uko upande gani, na mpaka wake ni nini. Nikasema uko nyuma, bustanini, na mpaka unakuja. Akasema atakuja Jumamosi kuuona.

Sidonie ameniuliza kama nimesoma kurasa zilizobaki. Nikamwambia mtu akishapata dhahabu haendelei kuchimba.

Jumatano, 14 Mei

Nimeshuka bustanini na kamba ya kuanikia nguo. Nimepima, nimepiga hesabu, nimechagua sehemu yangu: kona yenye jua, karibu na maua ya Fernande. Nikachomeka vijiti pembe zote, nikafunga kamba. Ndani nikamwaga mbegu za lengalenga nilizonunua kwenye maduka ya Chaussée de Wavre. Papa akiona mboga imeanza kuota hatakuwa na la kusema.

Fernande akatoka na kikombe chake cha kahawa. Akauliza nazika nini. Nikamweleza habari ya themanini na tano kwa elfu, polepole, kama unavyomweleza mtoto. Akanisikiliza hadi mwisho. Akaniomba nisome ukurasa wa kumi na nne.

Nimesoma ukurasa wa kumi na nne. Ardhi ni ya wote. Lakini matumizi ya bustani ni ya fleti ya chini peke yake, milele na milele. Yaani udongo ni wangu ila siruhusiwi kuukanyaga. Nchi hii.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwandikia Koen, msimamizi wa jengo letu, kudai haki ya kukanyaga mali yangu. Akajibu haraka, jambo ambalo si kawaida yake. Anasema kubadilisha matumizi ya bustani kunahitaji kura ya wenye fleti wote, na mkutano ujao ni Novemba. Anaomba pia niondoe vijiti.

Nimechungulia dirishani. Fernande anamwagilia lengalenga langu. Anafanya makusudi ili kunidhihaki. Nimefungua dirisha nikamtupia jina jipya, Boila la Kanisa, kwa sauti tamu. Akanipungia mkono.

Ijumaa, 16 Mei

Wazo limenijia nikiwa naswaki. Stoo! Kila fleti ina stoo yake chini ya jengo, na yangu imo kwenye hati, haina ubia na mtu. Stoo iko ndani ya ardhi. Si juu ya ardhi, ndani yake! Nani Lubumbashi anaweza kujigamba hivyo?

Nimehamisha baiskeli, masanduku na ubao wa kupigia pasi. Nimetandika zulia la sebuleni. Nimeshusha meza, viti na picha yetu ya harusi. Sidonie amesema hampakulii baba yake bukari, ugali wetu, katikati ya mabomba ya maji. Nimemwambia mambo makubwa yanahitaji moyo. Ameniangalia kwa namna ambayo sikuipenda.

Jumamosi, 17 Mei

Sitaki kuandika. Lakini naandika.

Papa Mukendi amefika na Kazadi, amevaa suti ya kijivu na tai. Mlangoni alitazama lifti, akatazama pembeni. Nikamwambia asijali, hatupandi, tunashuka. Uso wake ukafunguka. Nikajua nimeshinda.

Taa za huko chini zinajizima zenyewe baada ya muda mfupi. Hilo nilikuwa nimelisahau. Papa akikata tonge, giza. Kazadi anapapasa ukutani, mwanga. Papa akichovya kwenye mboga ya sombe, giza tena. Akauliza kama umeme unakatika Ubelgiji pia, maana aliambiwa haukatiki. Kijana wa ghorofa ya pili akaja kuchukua baiskeli yake, akatukuta gizani, akatutakia bon appétit. Papa akaweka tonge chini. Akaniuliza kwa upole hapa tulipo ni kwa marehemu nani.

Akasema anataka hewa. Tukatokea mlango wa nyuma, bustanini. Fernande alikuwepo, kwenye kiti chake, anafuma. Nikamwinamia Papa nikamwambia kwa Kiswahili, tena si kwa kunong'ona, kwamba yule ndiye mchawi aliyeninyang'anya udongo, asimsalimie.

Fernande akaweka sindano chini. "Papa, karibu," akasema. "Miye hapana mulozi. Niko mwalimu, niko pensheni. Nilifundishaka Lubumbashi myaka mingi."

Mwaka mzima ukanipita mbele ya macho, lifti kwa lifti. Naye, ili asiache kitu, akamhesabia Papa majina yake yote kwa mpangilio, kuanzia Polisi wa Mifuko. Lafudhi ya Kamalondo kabisa, mtaani Lubumbashi. Kazadi alicheka akashika ukuta. Sidonie hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

Papa akakaa. Wakaongea juu ya mitaa na majirani wa zamani, nani amekufa, nani amehamia Likasi. Papa akala keki ya Fernande, vipande viwili, yeye ambaye bukari yangu ilimshinda. Halafu akavua viatu akaweka nyayo kwenye majani, akafumba macho. Jioni Kazadi akampeleka Forest. Juu kwetu hakupanda.

Sidonie ameosha vyombo vyote vya stoo bila neno. Nilimwomba anitukane kidogo nipumue. Akasema amechoka.

Jumanne, 20 Mei

Nimekutana na Fernande mlangoni. Sikujua niangalie wapi. Nimeona aibu kweli, aibu ile ya kuwasha masikio. Akasema la Boila la Kanisa lilikuwa zuri, mengine nilikuwa sijajitahidi. Nikamwomba radhi. Akasema nimwombe mke wangu kwanza. Halafu akataka namba ya simu ya Papa Mukendi, wamalizie mazungumzo. Nimempa. Sina nguvu ya kupigana vita viwili.

Alhamisi, 22 Mei

Nguvu zimerudi. Kosa langu nimeliona: nilikuwa nampeleka mzee kwenye udongo. Inatakiwa udongo uende kwa mzee! Balkoni yetu inatosha kiti kimoja na nyayo mbili. Nikiijaza udongo hadi magotini, Papa atakaa kwenye ardhi yake ghorofa ya tatu, na ndege inapita juu.

Udongo wa dukani haufai, unanuka plastiki. Nataka wa kweli. Msitu uko mwisho wa barabara, umejaa udongo, na hakuna anayeutumia. Sidonie ameniuliza kama Jumamosi nitakuwepo nyumbani, amepanga kupika. Nikamwambia Jumamosi nina shughuli ya kifamilia.

Jumamosi, 24 Mei

Nimetoka mapema na koleo, magunia na kigari cha sokoni. Nilikuwa nimejaza magunia yote nilipokuta mlinzi wa msitu amesimama nyuma yangu, mwanamke mrefu, mikono kiunoni. Akauliza nafanya nini. Nikasema kwa sababu za mila. Akauliza mila ipi inachimba na kigari cha sokoni. Akanisimulia kwa utulivu habari za mizizi, uyoga na mbawakawa walio hatarini. Somo refu. Mwishoni akanisimamia nirudishe udongo wote palepale nilipoutoa, na kuusawazisha kwa mkono.

Nimefika nyumbani saa kumi na mbili jioni, tope mpaka kwenye nyusi. Ndani kunanukia sombe na thomson. Sidonie anaimba. Yeye ambaye haimbi.

Papa alikuja.

Alikuja saa sita, kwa tramu. Fernande ndiye aliyempigia simu, na ndiye aliyejua. Siku ile, kupitia mlango wake wa chini, alimwona Papa anavyoiangalia lifti, akamuuliza kwa simu wakiwa wawili tu, na mzee akamwambia. Zamani, bado kijana, alinaswa kwenye lifti ya jengo moja mjini Lubumbashi, umeme umekatika, kutwa nzima, anapiga mlango na hakuna anayesikia. Tangu hapo hapandi lifti, na magoti hayamruhusu tena ngazi nyingi. Mzee wa heshima yake atamwambiaje mkwe kitu kama hicho? Ndiyo maana akadai udongo.

Fernande akamshika mkono, wakapanda ngazi polepole, kila ghorofa wakipumzika kwenye kiti ambacho Sidonie alikishusha. Mlangoni Papa akaweka kiganja kwenye ukuta wetu akasema: "Hapa njo kwa mutoto wangu." Yaani hapa ndipo kwa mwanawe. Akala bukari mpaka akaongeza. Halafu akalala kitandani kwetu hadi saa kumi na moja, anakoroma, na Sidonie amekaa kwenye ukingo wa kitanda anamsikiliza tu. Aliniambia hayo huku machozi yanamtoka, na hakufungulia maji.

Papa ameniachia ujumbe: "Ambia Nday, nyumba yake iko muzuri. Asichimbe tena."

Nilipishana naye kwa saa moja. Mto wangu una shimo la kichwa chake.

Jumapili, 25 Mei

Nimetafakari usiku kucha na sasa naona wazi. Papa amelala hapa, sawa. Lakini mwenye nyumba hakuwepo kumkaribisha, kwa hiyo kisheria haihesabiki. Na ngazi zile zimemchosha, mwakani hataziweza. Tatizo halijawahi kuwa udongo. Tatizo ni ghorofa. Dawa yake ni fleti ya chini.

Fernande si kijana. Siku moja atataka kwenda kukaa karibu na ndugu zake. Nitakuwa jirani mwema sana, nimsaidie kuliona hilo mapema. Ila kwanza nijue vipimo, kama kabati letu litaingia.

Mchana wamekwenda wote uwanja wa ndege kumsindikiza Papa: Sidonie, Kazadi, na Fernande na kofia yake ya Jumapili. Sidonie alinisubiri mlangoni, koti mkononi. Nikamwambia watangulie, nitawafuata. Fleti ya chini kuwa tupu, na mimi kuwa na utepe wa kupimia, ni nafasi isiyotokea kila wiki.

Simu imelia nikiwa nimepiga magoti bustanini, chini ya dirisha lake. Sidonie. Anasema wamebakiza dakika chache, Papa amesimama kwenye mstari hataki kuingia, anauliza Nday yuko wapi, anataka kumshika mkono. Nikamwambia amweleze kwamba niko kazini, na kazi yenyewe ni kwa ajili yake. Akakata.

Dirisha la jikoni ni pana kuliko nilivyodhani. Kabati litaingia.