Sanduku la 1943 na Nyuki wa Koplo

Jumatatu, 5 Februari

Mvua kidogo, tope jingi. Itigi yote inanuka magunia mabichi. Chumba kinachotazamana na changu kimepata mpangaji. Ni koplo wa polisi! Anaitwa Damiani. Mama Elina, mwenye nyumba, amempokea kwa chai na chapati. Mimi nina miezi minane hapa na sijawahi kupewa hata maji ya moto.

Chini ya kitanda changu kuna masanduku manne ya risasi. Matupu. Naandika tena endapo mtu atasoma: matupu. Matatu ni ya chuma, moja la mbao. Wengine hukusanya jezi. Mimi, karani ninayeogopa hata honi ya lori, nilichagua haya.

La mbao ndilo lenyewe. Ubavuni limechomwa 1943 na alama ya mshale, na vishikio vyake vya kamba bado vizima. Nililipata kwa bibi mmoja wa Rungwa aliyelihifadhia mbegu za karanga. Nilimbembeleza mwaka mzima, hatimaye nikampa pipa la plastiki lenye mfuniko. Alinitazama kwa huruma.

Watu wanakamatwa kwa kuvaa suruali ya madoadoa ya jeshi. Sasa masanduku manne je? Nimeteremsha shuka mpaka sakafuni. Nimechoka tayari, na wiki ndiyo kwanza inaanza.

Jumanne, 6 Februari

Mpango: kuyahamishia kwa Rohan mpaka koplo apate uhamisho. Rohan ni mtoto wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mkusanyaji mwenzangu na mpinzani wangu. Ana masanduku tisa. Anayawekea misumari juu ya kaunta, hadharani! Nilimuuliza kwa mbali, kwamba kuna rafiki yangu ana mzigo. Alicheka. Akasema la 1943 likiingia dukani kwake halitoki tena, na nimsalimie huyo rafiki yangu anayetetemeka mikono.

Nikiwa bado pale, Koplo Damiani akaingia. Akachota misumari ya inchi tatu kutoka kwenye sanduku la risasi kwa mkono wake mwenyewe, akalipa, akatoka. Hakuuliza chochote.

Ni mtego. Hakuna maelezo mengine.

Alhamisi, 8 Februari

Maafa! Mama Elina alikuwa anafukuza panya chumbani kwangu na akaliinua shuka. Saa hiyohiyo koplo akabisha hodi kuazima pasi. Akainama. Akatazama. Akauliza haya nini, ndugu yangu.

Mdomo wangu ukajibu kabla sijauruhusu. "Mizinga, afande. Ya nyuki."

Koplo akaketi kitandani kwangu kama mtu aliyepewa habari za nyumbani. Kumbe ni mzaliwa wa Rungwa. Babu yake mrina asali, baba yake mrina asali. Yeye miaka sita amekuwa mijini, na hajasikia harufu ya moshi wa nyuki tangu hapo. Akauliza na haya ya chuma? Nikasema ya kuhifadhia asali. Akasema nisimwite afande nyumbani, nimwite kaka. Akalibeba la mbao begani, akalipigapiga, akasema mbao kama hii siku hizi hakuna.

Hilo la mwisho ni kweli. Nilitaka kulia.

Jumamosi, 10 Februari

Kaka Damiani ameazima keekee. Matobo manne ya kuingilia nyuki. Nililishikilia sanduku langu mwenyewe huku likitobolewa. Tobo la kwanza lilipita katikati ya tisa. Sasa limebaki moja, tundu, arobaini na tatu. Alinikemea mara mbili nisitikisike.

Akapaka nta ndani. Tukaenda ng'ambo ya reli, tukaingia vichakani mpaka miiba ikanivua kiatu, tukalitundika kwa waya kwenye mti wa mtundu. Akanipiga picha nikiwa chini yake. Nimeiona. Nafanana na mtu anayezika.

Jumatano, 14 Februari. Majivu

Nimejipa moyo. Nyuki wasipoingia, kaka atakata tamaa, tutalishusha, matobo nitayaziba kwa gundi na unga wa mbao. Kanisani niliomba wasije. Kaka Damiani, aliyekaa pembeni yangu na majivu yake usoni, alininong'oneza kwamba anaomba waje. Sala mbili za benchi moja. Nilijua ya nani itasikilizwa. Yeye ana cheo.

Jioni tulikwenda kutazama. Wameingia! Kundi zima, wanavuma kama transfoma. Kaka alinikumbatia. Rohan, aliyekuja na pikipiki kushuhudia, alisema hongera, karani, mzinga wa serikali ya mkoloni. Akauliza kama sasa niko tayari kuuza. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumapili, 18 Februari

Kaka yuko zamu. Leo ndiyo leo. Nimefikiri kwa makini, kama nilivyofundishwa. Nyuki hutoka kutafuta chakula mchana. Kwa hiyo saa sita, saa za kazi, sanduku litakuwa tupu. Nitalishusha, nitaing'oa nta, nitaondoka. Nilivaa koti la mvua, na kichwani chandarua cha Mama Elina, ambaye alikuwa kwenye kikundi chake cha upatu.

Nimepanda. Nimeshika waya.

Hawakuwa wametoka wote. Wengi walibaki ofisini.

Jinsi nilivyoshuka sijui. Nilikimbia hadi relini na chandarua nikakiacha kwenye miiba. Rohan ndiye aliyeniokota kwa pikipiki na kunipeleka zahanati. Alisimama njiani mara mbili ili acheke vizuri. Lakini alinipeleka.

Jumatatu, 19 Februari

Nilikwenda kazini kwa sababu kutokwenda kungehitaji maelezo. Bwana Benson, mkuu wangu, aliniuliza Hezekia yuko wapi. Nikasema ni mimi. Akaomba niseme tena, apate kuitambua sauti. Kisha akasema nirudi nyumbani, nawaogofya wananchi.

Mama Elina anadai chandarua. Kaka Damiani ameniletea uji. Amesema mtu anayekwenda kuwatazama nyuki wake Jumapili bila kutumwa, huyo ni mfugaji. Alikuwa na fahari machoni. Sikuweza tena. Kupitia midomo iliyobaki, nikasema, "Kaka, lile ni sanduku la risasi."

Akanitazama kama ninaweweseka kwa homa. Akasema bila shaka ni sanduku la risasi, yeye anajua kusoma. Babu yake alikuwa nayo mawili, moja la mbegu, moja la kukalia wageni. Nani wa kukukamata kwa sanduku tupu la enzi za mababu? Hana kazi?

Wiki mbili! Wiki mbili za kuteremsha shuka mpaka sakafuni!

Basi nikamwomba tulishushe. Akashangaa. Nyuki tuwapeleke wapi? Wameshajenga, wana watoto. "Wewe ungefurahi mwenye nyumba akutoe nje na mvua hii?" Mama Elina alisema kutoka jikoni kwamba yeye yuko tayari hata leo.

Limekwenda. Nimelala nikitazama ukuta. 1943. Lilivuka vita, likavuka bahari, likafika Rungwa, likakutana na mdomo wangu.

Ijumaa, 23 Februari

Uso umerudi, isipokuwa sikio moja. Rohan aliniita dukani. Nilijiandaa kutukanwa. Akamimina misumari kwenye ndoo, akanisukumia kisanduku kidogo cha chuma, cha kijani, kifuniko bado kinabana kwa mlio. Akasema nichukue. Akasema hakuna raha kushindana na mtu kama mimi, ni kama kumpiga mgonjwa. Nilikigeuza pande zote. Kina maandishi yote!

Nilikifunga kwenye kiroba, nikatembea kwa utulivu. Mara ya kwanza mwaka huu, natembea kama mtu asiye na hatia. Kisanduku kitupu. Mwenyewe kaka amesema. Sina la kuficha.

Getini amesimama Kaka Damiani, na sare, ndiyo kwanza anatoka kazini. Akauliza kwa upole, "Mdogo wangu, umebeba nini leo?"

Ningeweza kusema ni cha asali, kama yale matatu ya chuma. Ningeweza hata kusema kweli.

"Cha sadaka, afande. Cha jumuiya yetu."

Akavua kofia. Akakipokea kwa mikono miwili. Akatoa sarafu mfukoni, akaidondosha ndani, ikalia sauti nzuri, safi, ya chuma cha zamani. Akasema kanisa letu limekosa kitu imara kama hiki, na kwamba keshokutwa atakibeba mwenyewe mpaka altareni, padre akibariki. Mama Elina ametoka jikoni, naye ametoa.

Misa ya kwanza, saa moja asubuhi. Nimeambiwa nivae shati jeupe.