Kiangazi Kisiishe

Jumatatu, 24 Agosti

Nyasi za mlima wa pili zimeanza kuwa manjano! Nimeziona asubuhi nikienda kunawa uso. Kiangazi kinatutoroka na mimi bado sijakishiba.

Nani asiyependa bonde letu la Suusamyr wakati wa kiangazi? Mke wangu, inaelekea. Burulcha amesema leo, akikamua farasi, bila hata kuinua kichwa, kwamba huenda huu ndio mwaka wetu wa mwisho kupanda huku malishoni. Kaka yake Zarlik, ambaye atakuja Jumapili na lori lake kutuhamisha, amenipatia kazi ya ulinzi katika shule moja huko mjini Kara-Balta, pamoja na nyumba ya vyumba viwili. Mwaka mzima! Kiangazi na kipupwe! Burulcha atampa jibu Jumamosi, siku ya kuwafungua watoto wa farasi, tukishakunywa kimizi cha mwisho, yale maziwa yetu ya farasi yaliyochachuka.

Toktosun, jirani wa ng'ambo ya kijito, habari ameshazipata. Amekuja na pole usoni na furaha machoni. Eti tukihamia mjini yeye yuko tayari kuwachukua farasi wetu, na hata mahali petu hapa penye chemchemi, ili pasiote magugu. Pasiote magugu! Nimemwambia ashindwe na alegee. Moyoni, lakini. Mdomoni nimemkaribisha chai.

Ila mimi si mtu wa kukaa nikashika tama. Nina mpango! Burulcha hajakichoka kiangazi, amekisahau tu. Nikimrudishia siku tamu moja baada ya nyingine, ikifika Jumamosi atakuwa ameng'ang'ania nguzo ya hema asitolewe.

Na siku tamu ninazijua kama vidole vyangu. Kuna ile ya Juni tulipochuma stroberi za porini pale mteremkoni, nikakalia sisimizi, Burulcha akacheka mpaka akakaa chini. Kuna mbio za farasi za Julai, nilipotoka wa pili. Kuna ile jioni ya mvua ya mawe, majirani wote wakakimbilia hemani kwetu, tukaimba hadi sauti zikakauka. Mbaya zilikuwa nne tu, zile za katikati ya Julai nilipopotelea milimani nikimtafuta farasi jike wa madoadoa. Nililala chini ya jabali. Nilitafuna jibini kavu mpaka taya zikauma. Kumbe mnyama alisharudi nyumbani mwenyewe siku ile ile! Hizo sizihesabu. Nimezifuta.

Kesho tunaanza na stroberi!

Jumanne, 25 Agosti

Tatizo dogo. Mwisho wa Agosti hakuna stroberi.

Suluhisho! Mama anayo chupa ya jamu ya stroberi chini ya kitanda, ameihifadhi kwa ajili ya wageni wa harusi ya binamu yangu. Stroberi ni stroberi. Nimeichukua alfajiri, nikapanda mteremkoni na kijiko, nikaanza kuzitoa moja moja na kuzipanga chini ya majani. Kazi ya subira. Nimezipangusa kidogo kwa mkono wa shati. Ukitazama kwa mbali, Juni tupu!

Nikamwita Burulcha. Nikamwambia njoo uone maajabu, mlima umetuzawadia. Amekuja akifuta mikono kwenye aproni. Akainama. Akaokota moja, akaitia mdomoni, akaitafuna taratibu.

Kisha akasema kwamba mwaka huu stroberi zimejiotea na sukari kabisa. Akauliza kama mlima pia umeota chai, maana angeomba kikombe.

Nilikuwa nimeanza kumweleza habari za ardhi yenye rutuba, nyigu walipofika. Sikuwahesabu. Walianza na shati, upande ule wa mkono wa kupangusia. Nimekimbia hadi kijitoni na kujitosa na viatu. Toktosun alikuwa ng'ambo akinywesha ng'ombe, akaniuliza kama maji ni ya moto.

Lakini ngoja! Burulcha alicheka! Nilimsikia nikiwa majini. Kwa hiyo mpango unafanya kazi. Mama ndiye haongei nami. Anazungumza na chupa.

Jumatano, 26 Agosti

Sikio la kushoto limevimba. Furaha iko pale pale. Leo mbio!

Nimemfuata Toktosun na kumwomba turudie mbio za Julai, kujiburudisha tu kama majirani. Ameuliza zipi, zile tulizokimbia wawili? Sikupenda swali hilo. Wa pili ni wa pili.

Safari hii nilitaka Burulcha anione nikishinda. Farasi wa Toktosun, yule dume mwekundu, ana mbio za kishetani, na mtu mwenye akili lazima ajisaidie. Kwa hiyo asubuhi, Toktosun akiwa ndani anakunywa chai, nilimpelekea yule dume bonge la chumvi, tena lile kubwa. Alilamba kwa raha zote. Hesabu yangu ilikuwa hivi: farasi akila chumvi nyingi hushikwa na kiu, farasi mwenye kiu huwa mlegevu, na mlegevu hushindwa.

Tumeanzia kwenye jiwe jeupe. Burulcha na Mama wamesimama mwisho wa mbio, ukingoni mwa mto.

Mwisho wa mbio ni mtoni. Hilo sikuliwaza.

Sijawahi kuona farasi akikimbia vile maishani mwangu. Yule dume aliuona mto akasahau kama ana mtu mgongoni. Toktosun alipita mbele ya Burulcha akiwa amekumbatia shingo, macho yamemtoka, na hawakusimama mpaka maji yalipofika kwenye tandiko. Mimi nilifika baadaye, kwa utulivu. Toktosun, akikamua kofia, ameapa kwamba hajawahi kumjua farasi wake hadi leo, na kwamba mwakani atampeleka kwenye mashindano ya wilaya. Amenishukuru! Amenikumbatia akiwa amelowa chapa!

Mchimba kisima huingia mwenyewe, hivyo ndivyo Mama alivyoiambia chupa.

Alhamisi, 27 Agosti

Nimebaki na silaha kubwa. Mvua!

Jioni ile ya mvua ya mawe ndiyo ilikuwa kilele cha kiangazi. Watu kumi na zaidi hemani, moto, mandazi, kimizi, Burulcha akiimba na nywele zimelowa. Nikimpa jioni kama ile nimemaliza kazi. Lakini mbingu ni safi kama sahani iliyorambwa na mbwa. Sawa. Mtu hasubiri mawingu kama ana ndoo.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nipande juu ya hema kwa nyuma, nimwage maji taratibu juu ya paa lake la sufu, ndani wasikie chururu chururu, roho zao zilainike. Kisha nishuke, niingie mbio nikipiga kelele kwamba mvua kubwa imekuja, tuite majirani, tuimbe.

Ndoo ya kwanza ilikwenda vizuri sana. Nilisikia Burulcha akisema mvua hiyo. Nusura nishangilie! Nikainua ya pili. Mguu ukateleza. Maji yote yakaingia kwenye tundu la moshi, moja kwa moja juu ya moto, na ndoo ikayafuata.

Hema lilijaa moshi na jivu. Mama alitoka amelowa kuanzia kilemba hadi soksi, ndoo mkononi, akanitazama nikiwa nimening'inia kwenye kamba. Akaacha kuongea na chupa. Aliniambia mimi mwenyewe, polepole, kwamba aisifuye mvua imemnyea, na kwa kuwa yeye imemnyea, sasa ana haki ya kuisifu. Akaisifu kwa muda mrefu. Baadhi ya maneno sikujua kama Mama anayajua.

Hakuna aliyeimba.

Ijumaa, 28 Agosti

Leo hakuna mpango. Tumeanika matandiko.

Theluji imeanguka kwenye vilele usiku. Nimekaa mlangoni nikiwatazama watoto wa farasi wamefungwa kwenye kamba yao ndefu, wanapiga kwato na kuwalilia mama zao. Nimezaliwa hapa. Baba alinipandisha tandikoni hapa, karibu na chemchemi hii. Niseme ukweli maana hapa hasomi mtu: naogopa. Kule mjini nitakuwa mtu wa kukaa getini na funguo. Na mahali hapa pataitwa kwa Toktosun.

Burulcha alinipaka dawa sikioni. Mikono yake inanuka maziwa na moshi. Nilitaka kumwambia haya yote. Nikamwambia dawa inawasha.

Basi! Machozi hayahamishi mlima. Kesho nitatoa hotuba.

Jumamosi, 29 Agosti

Haya! Niandike kwa mpango!

Mchana tumekamua maziwa ya mwisho. Mama amewapaka siagi watoto wa farasi vichwani, akawaombea majira mema, kisha kamba zikafunguliwa. Walivyotimua mbio! Walikwenda moja kwa moja chini ya matumbo ya mama zao, wakanyonya hadi povu likawatoka. Majirani wote walikuwepo. Zarlik naye amefika mapema, lori limeegeshwa kando, funguo za ile nyumba ya vyumba viwili zinalia mfukoni kila akipiga hatua. Amezitikisa makusudi, nina hakika.

Kisha tukaketi hemani, kiriba cha kimizi katikati. Desturi ya Mama ni kwamba kila anayepokea bakuli lake la mwisho aseme kitu kilichomfurahisha zaidi kiangazi hiki.

Toktosun alianza. Akasema ni siku farasi wake alipoota mbawa. Wakapiga makofi. Nikapiga pia, kwa vidole viwili.

Mama akasema yeye ni Alhamisi, si kwa sababu ya maji, bali kwa sura ya mwanawe akiwa anabembea kama soksi kwenye kamba ya nguo. Hemani pote wakaangua kicheko.

Nilipopokea bakuli nilianza hotuba. Nilikuwa nimefika kwenye baba na chemchemi, nikasahau yote yaliyofuata. Nikanywa. Nikampa Burulcha bakuli.

Akalishika kwa mikono miwili. Akasema kilichomfurahisha zaidi ni zile siku nne za Julai mume wake alipokwenda kumtafuta farasi wa madoadoa.

Hata Zarlik aliacha kutikisa funguo.

Akaeleza bila haraka. Kwamba siku zile farasi walisimama kwa utulivu wakakamuliwa. Hakuna aliyekuja mbio na wazo. Kimizi kilitoka kitamu kuliko mwaka mzima. Jioni yeye na Mama walikaa mlangoni wakala mkate na malai ya maziwa, wakautazama mlima mpaka ukawa wa zambarau, na hakuna aliyewaeleza mlima ule unafaa kwa kazi gani.

Kisha akamgeukia kaka yake. Akamwambia, “Kaka, asante sana kwa nyumba. Lakini vyumba viwili! Huyu mume wangu nitamtuma wapi? Huku nina mlima mzima. Rudisha funguo za watu. Mwakani tunapanda tena.”

Tunapanda tena! Toktosun alipaliwa na kimizi, nikampiga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mama alianza kuimba. Nilitoka nje nikalia nyuma ya lori.

Burulcha alinifuata. Alisema bado hajamaliza, ila yaliyobaki si ya kusikiwa na Toktosun. Siku ya nne jioni alikuwa amekaa pale mlangoni, malai ni yale yale, akajikuta hasikii ladha yake. Alikuwa anatazama njia.

Jumapili, 30 Agosti

Sikulala! Nimeyachambua maneno yake usiku kucha, na sasa naelewa kila kitu. Nilikuwa narudisha siku zisizo zenyewe! Stroberi, mbio, mvua, wapi! Burulcha anachopenda ni mimi kupotea. Siku tatu anapumzika, ya nne ananitamani. Ni hesabu nyepesi kabisa. Mtu akipotea mara moja kiangazi kizima, mke anatazama njia mara moja. Akipotea mara tano je?

Na kwa nini kungoja mwakani?

Asubuhi hema limekunjwa, lori limejaa, Mama ameketi mbele na chupa yake tupu mapajani. Nikaenda kwa farasi wa madoadoa na kulegeza kamba kidogo. Akaondoka kama mshale! Nikapiga ukelele, ole wetu, mnyama amekimbia tena! Nikawaambia watangulie wote, mimi nitamfuata hata akifika China. Burulcha alinitazama. Akatazama kamba. Alinitupia koti zito na mfuko wa jibini kavu, akapanda lorini, na nadhani mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kwa huzuni, bila shaka.

Naandika haya nikiwa chini ya lile jabali langu la Julai. Theluji imeanza, kidogo tu. Toktosun atahama kesho, hema lake linafuka moshi kule chini, nikienda atanipa supu. Afadhali njaa.

Naona kila kitu kutoka hapa! Lori linateremka kuelekea barabarani, dogo kama kunguni. Na nyuma yake, mkia juu, farasi wa madoadoa anakimbia kulifuata.

Haidhuru. Hii ni siku ya kwanza. Bado tatu!