Yai Lililochoka

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu Mkuu ametangaza. Chumba chenye sinki atapewa mwalimu wa darasa la pili ambaye wanafunzi wake wataonyesha jaribio bora la sayansi Ijumaa. Tuko wawili tu: mimi na Bi Vipimo, jirani yangu wa ukuta, anayesawazisha hata kijiko cha sukari ya chai. Miaka mitatu nabeba ndoo za maji kutoka uani! Mgongo umesema basi. Sinki langu hilo. Jaribio ni yai: maji ya kawaida linazama, ya chumvi linaelea. Kazi ndogo.

Jumanne, 4 Machi
Halijaelea. Nimetia chumvi kwa kukadiria, haba na haba, yai limelala tu chini ya bilauri. Bi Vipimo akachungulia dirishani, akashauri nipime vijiko sita. Nikamshukuru, nikamwambia mkono wangu ndio kijiko. Kisha yule binti wa dawati la mbele, tuliyembandika jina la Kwa Nini, akauliza kwa nini halielei. Nikasema limechoka. Akaandika daftarini: yai limechoka.

Jumatano, 5 Machi
Eureka ya jikoni! Nyuma kabisa ya kabati la mama watoto nimekuta yai jepesi ajabu. Chumvi kidogo tu, juu! Umri wake sikuuliza. Jioni mama watoto akauliza liko wapi yai alilotenga kwa ajili ya kutupa. Nikajitia hamnazo.

Ijumaa, 7 Machi
Yarabi! Tulikuwa kwenye chumba chenyewe cha sinki. Darasa la Bi Vipimo liliyeyusha sukari, kijiko kwa kijiko, safi, lakini Mkuu alipiga miayo. Zamu yetu. Yai likaelea kwenye chumvi, makofi! Kwa Nini akaomba tulitie kwenye maji ya kawaida, tuhakikishe. Likaelea na huko. Nikasema bilauri ile imeingia chumvi. Akayaonja maji, akasema hayana hata chembe. Bi Vipimo akanong'ona kwamba hilo ni viza. Mimi nikubali? Nikaligonga ukingoni mwa sinki kuthibitisha uzima wake.

Harufu! Watoto mlangoni, wengine dirishani, Mkuu na leso puani. Nilitamani ardhi ipasuke. Kwaheri sinki.

Lakini nje, Kwa Nini akauliza: basi viza linajulikana bila kuvunjwa? Darasa zima likakimbilia jiko la shule na ndoo ya maji. Yakaelea manne kati ya mayai thelathini. Mpishi akawabusu vichwa vyao. Nilikuwa nyuma yao, machozi yakinilengalenga, na sidanganyi, si harufu.

Jumatatu, 10 Machi
Mkuu amelisifu darasa langu mbele ya walimu wote. Chumba, hata hivyo, alimpa Bi Vipimo, kwa utaratibu wa kazi yake. Bi Vipimo akaingia, akavuta pumzi moja, akatoka. Amesema hakitaki hata kwa dawa.

Kwa hiyo ni changu! Nimefungua bomba mara kumi na moja bila sababu. Roho yangu kwatu. Watu watasema bahati, lakini mwenye akili ataona nilipanga toka mwanzo.

Nimeshaficha yai jingine nyuma ya kabati la darasa, likomae kwa maonyesho ya muhula ujao. Hakuna aliyeniona. Ila sasa hivi nimelichungulia: limeandikwa tarehe kwa penseli, na chini yake, kwa mwandiko wa Kwa Nini: linapumzika.