Kumi Kasoro Nukuu Moja

Jumatatu, 3 Machi

Barua ya Mkurugenzi imesukumwa chini ya mlango. Si kwamba sikuwepo. Nilikuwepo, nimekaa mezani, namtazama tarishi kupitia kioo akiinama. Anajua nikimfungulia nitamweleza jambo.

Barua inasema wastaafu watakaobaki na vyumba hapa taasisini ni wale wenye alama ya H ya kumi au zaidi. Kamati itakaa tarehe 31. Mimi nina tisa.

Nieleze vizuri, maana jambo lisipoelezwa huchacha. Ukiandika makala, watafiti wengine wakaitaja katika makala zao, umenukuliwa. Ukiwa na makala kumi, na kila moja imenukuliwa mara kumi au zaidi, alama yako ni kumi. Makala zangu tisa zimevuka hapo bila jasho. Ya kumi, "Moshi wa Majani Makavu na Vifo vya Fukusi Ghalani", imenukuliwa mara tisa.

Nukuu moja tu! Miaka thelathini na sita nahesabu wadudu, leo nakwama kwa moja.

Chumba chenyewe si kikubwa. Meza, kiti, hadubini, na chupa mia mbili za nafaka zenye fukusi ndani. Lakini nyumbani kuna nini? Tangu mama watoto afariki, naieleza redio. Redio haikubali wala haikatai. Yeye angalau alikuwa akisinzia.

Jumanne, 4 Machi

Mbinu ya kwanza. Asubuhi nimeandika makala fupi na ndani yake nimejinukuu mara sita. Nikaipeleka maktaba nikiwa natabasamu.

Mkutubi ndiye mwenye mashine inayotuhesabu. Ameisoma, amevua miwani, ameniambia kwa upole kwamba mashine hufuta nukuu zote za mtu kujinukuu. Mzee wangu, akasema, hata bwana harusi hajipigii vigelegele.

Kisha akanionyesha safu nyingine kwenye ukurasa wangu. Watafiti walioshirikiana nami: sifuri. Akauliza imekuwaje, makala arobaini na tatu, na hakuna hata jina moja pembeni ya langu. Nikamwambia kazi nilifanya peke yangu, jina la pili lingefuata nini? Akanikumbusha kwamba kidole kimoja hakivunji chawa.

Nikamweleza kwamba hilo si sahihi kisayansi. Kidole kimoja na meza ngumu vinatosha kabisa. Nilishalijaribu, marudio thelathini, chawa wote walivunjika. Nilikuwa naanza kumweleza kuhusu ugumu wa meza akasema ana kazi nyingi.

Hakuwa na kazi. Nilipogeuka mlangoni alikuwa anakata kucha.

Alhamisi, 6 Machi

Mbinu ya pili ilinilazimu kubisha hodi kwa jirani, chumba cha mkabala. Yeye ni mtu wa panya. Tunamwita Arobaini, kwa sababu alama yake ya H ni arobaini. Watu wanamsalimia hivyo hivyo: Habari za leo, Arobaini? Mimi hakuna anayeniita Tisa. Nashukuru.

Makala yake ya mwisho ina waandishi thelathini na wanane. Timu tatu nzima za mpira, waamuzi wao, na bado anabaki mtu wa kuokota mipira!

Nimempa pendekezo la kiungwana: aninukuu mara moja, nami nitamnukuu mara mbili. Akacheka mpaka akashika meza. Akasema panya wake na fukusi wangu hawasalimiani. Ila kama nataka, kuna nafasi ya mwandishi wa thelathini na tisa kwenye kazi yao mpya, nilete tu chupa zangu na nikae nao. Akanivutia kiti.

Mimi! Wa thelathini na tisa! Nikamwambia mzigo wangu nimezoea kuubeba mwenyewe, nikarudi kwangu.

Kuta zetu ni nyembamba. Wanakunywa chai pale kila saa nne, vijiko vinagonga vikombe, wanacheka. Leo nimesogeza kiti karibu na ukuta nijue wanacheka nini. Sikuelewa. Kuna mtu alikuwa anaigiza panya.

Jumatatu, 10 Machi

Mungu si Athumani! Mhariri wa jarida moja ameniletea makala ya fukusi niihakiki. Nieleze: kabla jarida halijachapa kazi, humpa mjuzi aipekue kwa siri. Mimi sijui nani kaandika, naye hatajua nani kahakiki. Wote tumefunikwa macho.

Makala ni nzuri, nasema kweli. Tena mwandishi, awaye yote, amenukuu makala zangu nane. Nane! Lakini ile ya moshi ameiruka. Ameiruka kama mtu anavyoruka dimbwi.

Basi nimeandika uhakiki wa kurasa nne. Mwishoni nimeweka sharti: kazi hii isichapwe mpaka mwandishi ainukuu makala muhimu mno ya moshi wa majani makavu, ya mtafiti mashuhuri ingawa mnyenyekevu.

Nimejificha vizuri kabisa. Hata mtindo wa kuandika nimebadilisha.

Jumatano, 19 Machi

Hodi mlangoni! Ya mwisho ilikuwa Januari, fundi aliyekuja kukagua mtungi wa kuzimia moto.

Alikuwa Chekeche. Mwanafunzi wangu wa zamani; nilimpa jina hilo kwa sababu kila nafaka aliichekecha mara tatu. Siku hizi ana maabara yake upande wa pili wa mji. Akaniamkia, shikamoo Mwalimu, akakaa, akatoa mkobani kurasa zangu nne.

Nikajitia sizijui. Akacheka. Akasema alinitambua ukurasa wa kwanza. Nani mwingine angemweleza mtafiti wa fukusi kwamba fukusi ana miguu sita?

Nina kikombe kimoja. Nikampa yeye chai, mimi nikasubiri.

Kisha akaacha kucheka. Akasema makala ya moshi aliiruka kwa heshima. Miaka kumi na tisa iliyopita yeye ndiye aliyekuwa akiosha chupa zangu. Asubuhi iliyofuata jaribio, fukusi niliowaandika wafu aliwakuta wanatembea. Fukusi akishtushwa hukunja miguu na kujifanya amekufa. Hilo nafundisha mimi mwenyewe, somo la kwanza! Nami niliwahesabu dakika kumi tu baada ya moshi. Anasema alikuja kuniambia siku ile ile, nami nikamweleza kwa saa nzima juu ya fadhila ya mwanafunzi kusikiliza.

Sikumbuki. Lakini inafanana na mimi.

Amerudia jaribio. Kati ya wafu mia, themanini na wanane waliamka. Kwa hiyo akininukuu itambidi aseme ukweli. Hataki kuniaibisha. Akatoa njia nyingine: tuandike masahihisho pamoja, jina langu na lake. Niwe nakwenda maabara kwake kila Jumatano. Vijana wake wanauliza maswali mchana kutwa, amechoka kujibu, na yeye anamjua mtu asiyechoka.

Hapo nilitamani kukubali. Nakiri.

Lakini nikapiga hesabu. Jina langu likiwemo, ni kujinukuu. Mashine itafuta! Nitabaki tisa.

Nikamwambia aandike peke yake, tena aandike kwa ukali, asinihurumie. Akauliza kama nimeelewa anachoniomba. Nikamweleza jinsi mashine inavyofuta nukuu, hatua kwa hatua. Akasema taratibu, Mwalimu, mimi sikuja kwa ajili ya mashine.

Aliacha chai nusu kikombe. Nimeimalizia mimi. Ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 27 Machi

Imetoka mtandaoni! Nanakili hapa maneno yake: "Matokeo hayo hayawezi kutegemewa, kwani fukusi waliohesabiwa kuwa wafu walikuwa hai." Pembeni yake, kwa tarakimu ndogo nzuri, namba ya makala yangu.

Kumi! Kumi kamili!

Nimekwenda maktaba kwa mwendo ambao goti langu halijauona tangu nistaafu. Mkutubi amefungua mashine, amethibitisha. Kisha akaisoma sentensi yenyewe, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nami nimeisoma. Nikamweleza kwamba mashine haisomi, inahesabu tu. Nukuu ni nukuu, iwe ya sifa au ya matusi. Akanishika mkono. Sijui kwa nini.

Saa nne kicheko kikubwa ukutani. Safari hii sikuhitaji kusogeza kiti. Nilisikia wazi Arobaini akiwauliza wenzake kama maiti wamekwisha kunywa chai.

Jumatatu, 31 Machi

Kamati imekaa. Chumba ni changu miaka mitatu zaidi. Barua imepita chini ya mlango.

Nilitaka kumwambia mtu. Nimefungua mlango, nikachungulia ukumbi wote, kulia na kushoto. Ndoo ya mfagiaji tu.

Chekeche ameniandikia ujumbe. Anasema hana kinyongo. Keshokutwa ni Jumatano, vijana wanataka kusikia kisa cha wafu walioamka kutoka kwa mwenyewe, watacheka lakini si kwa ubaya, na kutakuwa na chakula cha mchana. Atakuja kunichukua mlangoni. Nimejibu kwamba nashukuru sana, ila kazi zimenizidi.

Na kweli zimenizidi. Kwa sababu nimegundua jambo kubwa! Makala ya moshi ilipodhaniwa sahihi ilipata nukuu tisa kwa miaka kumi na tisa. Ilipotangazwa kuwa na kosa imepata tatu kwa siku tano. Watafiti wawili wengine wameshaitaja kama mfano wa namna ya kutohesabu. Tatu! Hesabu haidanganyi: mtu hanukuliwi kwa kupatia.

Nimezishusha rafuni makala zote arobaini na tatu, nazipekua moja baada ya moja natafuta makosa. Tayari nimepata moja, ukurasa wa nne wa makala ya unyevu, kosa safi sana. Kwa mwendo huu nitafika kumi na tano kabla ya Kamati nyingine. Kinachonitatiza ni nani atakayelifichua. Haiwezi kuwa mimi, mashine itafuta. Anatakiwa mtu makini, anayenifahamu, mwenye macho ya kuchekecha.

Simu imelia mara mbili mchana huu. Chekeche. Sikupokea. Nilikuwa nahesabu.