Herufi Mbili za Fundi Saa

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshtakiwa. Mimi, mchora vibao kwa miaka kumi na tisa sasa, ambaye nusu ya milango ya mtaa huu imepita mkononi mwangu. Eti nimeharibu mali kwa makusudi. Mali yenyewe ni kibao cha fundi saa, jirani yangu. Kilikuwa kimeandikwa FUNDI SAA HODARI. Sasa kinasomeka FUNDI SAA HATARI. Herufi mbili tu, jamani.

Chanzo ni yeye. Miaka yote namchorea, halafu mwezi uliopita kazi kampa mchoraji wa mtaa wa pili. Akaniambia mkono wangu umezeeka. Nilimeza. Nikameza tena. Ijumaa, watu walipokwenda kula mchana, nikachukua ngazi.

Dada yangu mkubwa ndiye aliyenidhamini kituoni. Kaweka rehani cherehani yake, ambayo ndiyo inayotulisha. Askari kamwambia nikikimbia, cherehani inakwenda. Tulipofika nyumbani dada akauliza swali moja tu: hivi wewe utakua lini. Nina miaka arobaini na minne.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wakili wa msaada wa kisheria. Bure kabisa. Mwanamama mfupi, mkoba mkubwa, hana mchezo. Nikaanza kumweleza nilivyochanganya ile rangi nyeusi, akanyanyua kalamu, nikanyamaza. Kasoma hati ya mashtaka mpaka mwisho. Akasema hakuna aliyeniona uso. Shahidi ni mmoja, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, naye aliona mgongo. Kuthibitisha ni kazi ya upande wa mashtaka. Kazi yangu mimi ni kufunga mdomo.

Nikamuuliza kama kukana shtaka si kusema uongo. Akasema kukana ni kuwaambia, haya, thibitisheni. Maneno hayo nimeyapenda. Nitayachora mahali.

Kanipa masharti matatu. Nisiongee na shahidi. Nisiongee na mlalamikaji. Nisiandike chochote kuhusu kesi. Nayaandika hapa nisije nikayasahau.

Alhamisi, 6 Machi

Nimesomewa shtaka. Hakimu akauliza, ni kweli au si kweli. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye methali nne. Wakili alikuwa amenipa maneno mawili. Nikasema si kweli, mheshimiwa, na hata kama ingekuwa kweli... Wakili akanikanyaga mguu. Viatu vya mwanamama yule vina kisigino. Kesi itasikilizwa Jumatatu.

Jumamosi, 8 Machi

Nimefikiri sana. Kinyozi aliona mgongo. Basi dawa ni kumzoesha mgongo mwingine. Nimekatazwa kuongea na shahidi, sijakatazwa kunyolewa.

Nikavaa makoti mawili, katikati nikapachika mto mdogo wa dada. Juu ya mlango wa kinyozi kuna kibao, KINYOZI MAKINI, kazi ya yule yule wa mtaa wa pili. Herufi zimeachana utadhani zimegombana. Nikaingia, nikakaa. Habari za kesi sikuzigusa hata chembe. Nilimwambia tu kwamba mgongo huu nimezaliwa nao.

Kinyozi akazima mashine. Akasema mtu anayekuja kunyolewa na mto mgongoni, kwenye joto hili, ana lake jambo. Akanitoa nje. Nimenyolewa upande wa kushoto peke yake.

Dada kamalizia upande wa pili kwa mkasi wa vitambaa. Alikuwa anakata kwa nguvu. Nikadhani ni hasira, kumbe analia. Akasema, mdogo wangu, sina kitu kingine cha kuweka. Iliniuma kweli. Nikamwahidi mahakamani nitakuwa bubu. Nikamrudishia na mto wake.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya siku. Kinyozi kaapa, kasema aliona mgongo. Wakili akamuuliza, wa nani. Akajibu, wa mtu mwenye ngazi. Wakili akauliza ni wangapi mtaani wenye ngazi. Kinyozi akahesabu kwa vidole mpaka vikaisha. Watu wakacheka. Alipotaka kuingiza habari za mto, wakili akasema hizo hazihusu siku ya tukio. Nikajisikia mwepesi.

Akaja fundi saa. Nilitegemea moto, kumbe mwenzangu kalegea. Akamweleza hakimu kwamba tangu kibao kibadilike hapati hata nafasi ya kupumua. Wateja wanamiminika, wanamwambia fundi, wewe ni hatari. Wanaleta saa, redio, mpaka feni. Mtaani siku hizi hatari ni sifa. Kwa hiyo angependa kesi ifutwe. Wakili akanitazama, macho yanasema kimya. Dada, kwenye benchi la nyuma, kaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Hakimu akashika kalamu.

Fundi saa akaongeza jambo moja. Akasema aliyeandika vile ni mtu asiyejua kuandika, kwa sababu A imelala na T imepinda, ila si kitu, wateja hawaangalii.

Imelala? A yangu?

Nikasimama. Nikasema mheshimiwa, A ile niliipima kwa rula mara mbili, na kama T imepinda, basi kilichopinda ni kibao chake.

Wakili akafunga mkoba.

Hakimu aliinama chini ya meza akakaa huko kitambo. Alipoibuka macho yalikuwa na machozi. Nimetiwa hatiani kwa mdomo wangu mwenyewe. Kwa kuwa mlalamikaji kanisamehe, siendi jela. Nimchoree kibao kipya, FUNDI SAA HATARI, bila malipo, tena kwa herufi zilizonyooka. Neno hilo la mwisho sikulipenda. Halafu miezi sita nisitende kosa lolote. Nikitenda, naingia ndani, na cherehani ya dada inachukuliwa. Dada katia saini tena, bila kuniangalia.

Jumatano, 12 Machi

Kibao kimekamilika. Fundi saa kakitazama, kasema si kibaya. Nimeyaacha yapite. Wakili alikuwa anapita, akauliza kama nimejifunza. Nikamjibu kwamba ukimya ni ngao. Akaitikia kwa kichwa akaenda zake. Nyumbani cherehani inalia tangu asubuhi, na dada kanitengea chai bila kununa. Furaha tupu.

Sasa, nilipokuwa bado juu ya ngazi pale kwa fundi saa, nilikiona vizuri kibao cha kinyozi. KINYOZI MAKINI. Kati ya A na K kaacha uwazi, yule mchoraji wa mtaa wa pili hajui kupanga herufi. S moja nyembamba ingekaa pale bila kubanana. Wala maskini si tusi. Kila mtu ni maskini wa kitu fulani.

Rangi nyeusi imebaki nusu kopo. Kinyozi huenda kula saa saba. Shida ni kwamba mgongo wangu sasa anaujua. Kesho nitamwomba dada ule mto.