Bolti Nyekundu za Mzee Awadhi

Ilikuwa mwaka wa pili tangu wafanyabiashara binafsi waruhusiwe kununua korosho. Ambrosi alikuwa kwenye kibanda cha chai Mkomaindo, mjini Masasi, akinywa chai aliyolipiwa na mtu mwingine, pale lori lililobeba trekta jipya liliposimama mbele yake. Trekta lilikuwa dogo, la rangi ya chungwa, na mbele lilikuwa na mikono miwili ya chuma iliyoshika kijiko kipana cha kuchotea mchanga.

Ambrosi alikuwa mtunza stoo katika karakana ya shirika la umma mpaka shirika lilipokufa. Wenye midomo walisema alichangia kuliua, lakini huko ni kumkweza. Yeye alichukua spana tu.

“Baba Stamili,” mwanamke aliyeketi kwenye lori alikuwa akimwambia tajiri wake, “kitabu kinasema likishafanya kazi saa kumi za kwanza tukague bolti zote za kijiko na kuzikaza. Chuma kipya hulegea.”

“Bolti mpya unazikaza za nini, Mama Filemoni? Waliolitengeneza walikuwa wamelala?”

Mwanamke huyo alikuwa Dorika, dereva, aliyejifunza trekta alipokuwa JKT. Tajiri alikuwa Mzee Awadhi wa Newala, mtu mwenye huruma nyingi kwa mji wake usio na maji. Alikusudia kuvuta tangi kutoka bondeni na kuwauzia wenye kiu kwa bei ya kuwafundisha kuvumilia.

Ambrosi akamaliza chai yake taratibu. Alikuwa ameshapata kazi.

Wiki iliyofuata alipanda Newala akiwa amevaa ovaroli ya bluu iliyopigwa pasi, kalamu tatu mfukoni.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Nani mwenzetu?”

“Fundi mkaguzi. Natoka kwa wakala aliyeleta trekta lako.” Akachuchumaa, akagonga bolti moja kwa spana, akasikiliza kama daktari, kisha akatikisa kichwa. “Nilijua tu. Wamekupa bolti za nchi ya baridi. Jua letu hili linazirefusha. Kuna mzee mwenzako, kijiko kilimwangukia.”

“Alikufa?”

“Yeye mzima. Trekta ndilo lililokufa.”

Hapo Awadhi alishtuka kweli. “Sasa dawa yake?”

“Zipo bolti za joto, nyekundu. Lakini ni mali ya serikali, mzee. Hazina risiti.”

Neno hilo lilimtuliza Awadhi kuliko dua. Kitu kisicho na risiti hakikuwahi kumdhuru. Wakapatana magunia manne ya korosho. Ambrosi akateremsha kijiko chini, akaegemeza mikono ya chuma kwenye magogo ya mkorosho, akafungua bolti zote kumi na mbili na kuondoka nazo, “nikapate saizi kamili.”

Dorika alimwambia tajiri wake kwamba bolti zilikuwa nzima na zilihitaji kukazwa tu. Akajibiwa kwamba udereva ni kazi ya mikono, na midomo haihusiki.

Siku ya tatu Ambrosi alirudi na pikapu ya kukodi na bolti kumi na mbili nyekundu, zilezile, zilizochovywa kwenye kopo la rangi na kukaushwa juu ya bati. Alizirudisha upesi upesi, akizungusha kwa vidole. Spana aliigusisha tu, kwa ajili ya watazamaji.

Dorika aliokota kitambaa alichofutia mikono yule fundi. Kilikuwa na rangi mbichi. Akainama kwenye bolti iliyo karibu, akaipekecha kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Ikazunguka. Kesho yake alfajiri yeye ndiye angeteremka na trekta hilo kwenye kona za bondeni, tangi nyuma yake.

Hakupiga kelele. Alichukua kitabu.

“Baba Stamili, kitabu kinataka fundi apande kwenye kijiko, ainuliwe, ili tujue kazi imekamilika.”

Kitabu kilikuwa na picha ya mtu ndani ya kijiko, amekatwa mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Dorika alifunua ukurasa mwingine haraka.

“Apande,” alisema Awadhi, ambaye hakupenda kupunjwa. Adhana ya alasiri ikasikika, naye akaenda msikitini.

Kukataa kungekuwa kukiri. Ambrosi akapanda. Kijiko kikapanda polepole hadi usawa wa paa, na mikono ya chuma ikaanza kutoa mlio wa kitanda kibovu. Dorika akazima injini.

“Dada, yatosha. Nishushe.”

“Mbona unatetemeka, fundi? Bolti si za joto?”

“Dada, hazijakazwa. Zitachomoka.”

“Na rangi?”

“Ni zilezile za kwenu,” alisema Ambrosi kwa sauti ndogo, macho ameyafumba. “Nishushe, nina mama.”

“Na mimi nina Filemoni.”

Akamshusha. Akampa spana ndefu, akakaa juu ya gogo na kitabu magotini, na Ambrosi akakaza bolti moja baada ya nyingine kwa nguvu zilizoandikwa, mpaka ovaroli ikalowa. Tatu alilazimishwa kuzirudia. Awadhi aliporudi alimkuta anafuta jasho, akamsifu.

Ambrosi alimtazama Dorika akisubiri asemwe. Dorika alisema tu, “Kazi nzuri. Apewe korosho zake.”

Ambrosi alifungua mdomo wa gunia la juu, akatia mkono, akatoa korosho nono. Dorika mwenyewe akayainua magunia yote kwa kijiko na kuyapakia kwenye pikapu. Ambrosi aliona ni heshima. Njiani alimweleza dereva wa pikapu jinsi wanawake wanavyoyeyuka mbele yake.

Ghalani Masasi, mnunuzi aliyeitwa Jonathan alichoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, akachungulia, akachoma la pili. Kisha akayamwaga yote manne sakafuni. Chini ya tabaka moja la korosho kulikuwa na mchanga mwekundu wa Newala, ambao Mzee Awadhi alikuwa amemwagiza Dorika aujaze kwa koleo zile siku mbili trekta lilipolala.

“Hizi umelima wewe?” aliuliza Jonathan.

Mikono ya Ambrosi ilikuwa imechubuka, na dereva wa pikapu alikuwa amesimama mlangoni akingoja chake.